Mchanga wa Kukaanga

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana mkiusikia kwa Bi Somoe atautia chumvi, na kusema kweli hauhitaji. Mimi Selemani, kijana mwenye kidato cha nne na kalamu mfukoni, niliwahi kupaka grisi reli. Sisemi ekseli, sisemi gurudumu. Reli yenyewe, vyuma vyote viwili, kuanzia ukingo wa mlima mpaka kwenye kona, kwa kitambaa, kwa bidii, huku napiga mluzi.

Pale mahali mnapopita kila siku na bodaboda zenu, mnapaita Kwa Grisi. Mmoja wenu alinieleza, kwa uhakika kabisa, kwamba zamani palikuwa na gereji. Hapakuwa na gereji. Palikuwa na mimi.

Ningeweza kulinyamazia jambo hili mpaka kaburini kama si Chidi, mwenyekiti wa timu yenu ya mpira. Wiki iliyopita alikuja barazani kwangu akanipa shikamoo nzito, ile ya mtu anayetaka kitu. Nikamwitikia marahaba nyepesi, ile ya mtu aliyeshajua.

"Babu," akasema, "lile tangi pale shuleni tunataka kuliuza. Kuna jamaa wa chuma chakavu anatokea Nangurukuru, amelipenda. Bomba si tunalo siku hizi? Na sisi tupate jezi na spika."

"Lori lake litapanda huku?"

"Halipandi, babu. Tutalishusha wenyewe mpaka barabarani. Vijana tupo wengi."

"Mnajua lilipandaje?"

Chidi akalitazama tangi kule shuleni, akanitazama mimi. "Kwani lilipanda? Mimi nimelikuta tu."

Basi mkutano wenu ni Ijumaa baada ya swala, na mimi mikutano siiwezi. Nyumba mnayokutania ni ya nne kutoka hapa kwangu, na safari ndefu nilishaziacha. Kwa hiyo nimeandika. Mjukuu wangu ataupiga picha mwandiko huu na kuwatupia kwenye grupu lenu, katikati ya zile video zenu za watu wanaoanguka. Someni kwanza, ndipo mpige kura.

Jina kwanza. Stesheni haijaona treni hata siku moja. Palikuwa na reli ndogo ya shamba la mkonge, nyembamba, mtoto angeweza kuiruka bila kukimbia. Ilitoka kiwandani huko bondeni, ikapanda mlima huu, ikazunguka mashamba ya juu. Hapa tulipo ndipo matoroli yaliposimama kupakia majani ya mkonge. Wapakiaji wakachoka kupanda na kushuka, wakajenga vibanda kando ya reli: Wamwera, Wamakonde, Wamatumbi kutoka vilima vya Kilwa, kila mmoja na kilugha chake na namna yake ya kupika kisamvu. Nani aliyepaita Stesheni sijui. Nadhani alikuwa anatucheka. Lakini ndiyo sababu nyumba zenu zimejipanga mstari mmoja kama watu wanaosubiri sindano zahanati, na ndiyo sababu kengele ya shule ni kipande cha chuma kizito ambacho hakuna fundi wa hapa anayeweza kukikata.

Kwa hiyo mimi ni mstaafu wa reli ambaye hajawahi kupanda treni. Wenzangu wa reli kubwa huko duniani hujisifu wamefika wapi na wapi. Mimi nilifika bondeni, nikarudi kula. Ilinitosha. Mke wangu alikuwa anajua ugali uive saa ngapi kwa kusikia magurudumu.

Na maji. Hili ndilo mlishike. Mlima huu hauna maji. Ukichimba unakuta jiwe, ukilitoa unakuta kaka yake. Maji yalikuwa kwenye kisima cha kiwanda, bondeni, na yalipanda kila jioni kwa toroli, ndani ya mapipa. Siku toroli halikupanda, watu walinawa nyuso kwa kiganja kimoja na kuahirisha mengine. Stesheni ilikaa mlimani kwa sababu ya reli tu, kama kupe anavyokaa kwa sababu ya ng'ombe.

Turudi kwenye grisi, najua mnaingoja.

Mtu wa breki wa mlima huu alikuwa Mzee Likwata, Mmwera wa upande wa Kilangala, mwembamba, mpole, mwenye mikono kama mizizi. Kupanda, tulivutwa na kiinjini cha dizeli siku kikiwa na afya. Siku nyingine tulisukuma. Kushuka hakukuhitaji injini. Toroli lilishuka kwa uzito wake, na kazi ya mtu wa breki ilikuwa kulikumbusha adabu. Breki yenyewe ilikuwa mti mrefu wa mkwaju. Unaulalia, nao unakandamiza gogo kwenye gurudumu. Basi, hakuna kingine.

Nilipelekwa kwake kujifunza. Asubuhi ya kwanza akaniambia, "Mwanangu, chukua kopo la grisi, ukapake." Akaondoka kwenda kutafuta tumbaku. Hakusema wapi, kwa kuwa hakuna mtu aliyezaliwa na mama ambaye angeuliza wapi.

Lakini mimi nilikuwa nimesoma. Mwalimu wetu wa fizikia alituandikia ubaoni kwamba msuguano hula nguvu ya mashine. Nikajiuliza, msuguano uko wapi hapa? Uko pale gurudumu linapokutana na reli. Nikaona niufute wote, ili Mzee Likwata akirudi ashangae.

Alishangaa.

Toroli lilikuwa limejaa mkonge mpaka juu. Lilipofika kwenye mteremko akaulalia mti wake kama kawaida, gurudumu likasimama kabisa, likaacha kuzunguka, na toroli likaendelea na safari yake. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Aliniambia baadaye kwamba kwa muda kidogo alidhani amefariki. Akaruka. Nami nikaruka. Toroli likaikataa kona, likapasua ua wa makuti, likapita shamba la ufuta lililokuwa limekauka tayari kuvunwa, likalala ubavu nje ya jiko la nyumba moja, magurudumu juu kama mende.

Mwenye jiko akatoka na mwiko mkononi. Ndiye Bi Somoe. Msimwone sasa anatembea na mkongojo. Wakati ule alikuwa bibi harusi, ametoka Kiswere hana hata mwezi. Akalitazama toroli. Akautazama ufuta wake. Akanitazama mimi na kitambaa changu cha grisi.

"Wewe ndiye uliyesoma?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Basi wangu nikiwazaa sitawapeleka."

Aliwapeleka wote, mmoja ni mwalimu, lakini neno hilo lilizunguka kambi nzima kabla sijafika nyumbani. Jioni hiyohiyo watu walishasema wanapita Kwa Grisi.

Nyapara alitaka nirudishwe nilikotoka. Mzee Likwata akamwambia, "Mwache. Mtu aliyekosea hivi hawezi kukosea zaidi." Nikaondolewa kwenye breki, nikawekwa mahali palipowekwa wasiofaa kitu: kwenye mchanga.

Hapa vijana mtacheka, na mcheke tu. Reli ikilowa kwa mvua, breki haishiki. Gurudumu linaganda na kuteleza. Dawa yake ni mchanga. Unaumwaga kwenye chuma mbele ya gurudumu, gurudumu linausaga, linapata meno. Lakini mchanga ukiwa na unyevu hauteremki kutoka kwenye kopo, unabaki humo umekumbatiana. Kwa hiyo masika yote, wanawake wa Stesheni walikaanga mchanga. Naam. Kwenye karai, juu ya mafiga, kama mtu anayekaanga korosho. Kila nyumba iliyo kando ya reli ilikuwa na kopo lake la mchanga mlangoni, na lilikuwa jambo la heshima. Mwanamke ambaye kopo lake lilikutwa tupu alisemwa kwenye foleni ya maji kuliko mwenye mume mlevi.

Nami nikapewa kusimamia jambo hili, mwanamume peke yangu kati ya makarai. Nilijifunza mengi. Mchanga wa pwani haufai, chumvi yake inanyonya unyevu tena usiku huohuo. Chukua wa korongoni, uchekeche kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, uukaange moto wa wastani huku unageuza. Ukitaka kujua umeiva, nyanyua kwa kijiko umwage: ukilia kama ufuta unavyolia, epua. Ukinyamaza, bado.

Bi Somoe ndiye alikuwa mwanafunzi wangu mgumu. Wiki ya kwanza ya masika alipochungulia kwa jirani akakuta mama mtu mzima anageuza mchanga jikoni kwa mwiko, alifunga kanga zake akaanza safari ya kurudi Kiswere kwa miguu. Mumewe alimkuta njiani. "Mmeniozesha kwa watu wanaokula mchanga!" alikuwa analia. "Kwetu tuna samaki!" Ilibidi aletwe, akae kitako, aonyeshwe toroli likishuka kwenye mvua na mchanga ukifanya kazi yake. Akatazama mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: "Na siku ile ya ufuta wangu, mchanga ulikuwa wapi?" Wote wakanigeukia.

Tangu siku hiyo mchanga wake ulikuwa mkavu kuliko wa mtu yeyote. Nadhani alikaanga kwa hasira.

Msidhani Mzee Likwata alikuwa malaika wa reli, asiyekosea. Alikuwa na mtindo wa kuweka sikio kwenye chuma kusikiliza kama toroli lingine linakuja. Alitufundisha kwa majivuno: chuma kinaongea, kina habari zote. Mchana mmoja tukamkuta amelala ubavu, sikio kwenye reli, anasikiliza kwa muda mrefu mno, na mate yanamtoka. Nilipomgusa alishtuka akasema, "Hakuna kitu, njia ni nyeupe." Nyuma yetu toroli la maji lilikuwa limeshasimama zamani, linamsubiri aamke.

Kidogo kidogo akanirudisha kwenye breki. Somo lake lilikuwa moja, akilirudia mpaka nikaliota. Usiulalie mti kwa woga. Ubonyeze, uuachie, uubonyeze. Gurudumu lizunguke kwa shida, lakini lizunguke. Likiganda umekwisha, huna toroli tena, una sanduku linaloteleza. Na jingine: nyuma ya mzigo unaopanda hakai mtu, hata kama ni mkweo.

Kisha bei ya mkonge ikaanguka, watu wakaanza kufungia mizigo kwa kamba za nailoni, kiwanda kikazima. Wapakiaji wengi wakashuka kwenda kulima korosho na ufuta kwao. Kiinjini cha dizeli kikauzwa. Halafu wakaja watu wa kung'oa reli. Walianzia mashamba ya juu, wakawa wanakuja huku, na sisi tunawasikia kila siku wakigonga, karibu zaidi.

Stesheni ikakaa kikao. Reli ikiondoka, maji yanaondoka. Kambi ya juu yetu ilishahama yote. Baadhi ya watu walikuwa wameshafunga virago, na wengine, mimi mmojawapo, tulikuwa tumekaa tu vizingitini. Niliwaambia nimezaliwa kuwa mtu wa kukaa nyumbani, sasa nyumba yenyewe inataka kunihama. Hakuna aliyecheka.

Ndipo Mzee Likwata akalikumbuka tangi. Lilikuwa kiwandani, la chuma, kubwa, halina kazi. Shule ilikuwa imepata bati. Tukiliweka chini ya bati, masika moja ikilijaza, tutavuka kiangazi. Wazee wakaenda kumwomba msimamizi aliyeachiwa shamba. Akawaambia, "Chukueni. Lakini kwa barabara gani? Njia yenu ni reli tu, na wale wanafika mlimani wiki hii."

Kwa hiyo tulikuwa na toroli moja, tangi moja, na reli inayoliwa kutoka juu.

Asubuhi ya kulipandisha watu wote waliobaki walikuwapo. Tulifunga tangi kwa kamba za mkonge, tukasema angalau mkonge utufae mara ya mwisho. Wanaume kwenye kamba mbele na ubavuni, watoto wamekatazwa kusogea. Mzee Likwata macho yalikuwa yameshaanza kumtupa. Akautwaa mti wa breki, akaupapasa, akaninyooshea mbele ya watu wote.

"Nani? Selemani?" mtu akasema kwa sauti. "Yule wa grisi?"

"Huyohuyo," mzee akajibu. "Ninyi nyote mnaogopa mlima huu. Yeye anauogopa zaidi."

Tukapanda. Kwa wimbo, kwa matusi, kwa bismillahi, na Wamatumbi wetu Wakatoliki wakimtaja Bikira Maria kila mti uliolazwa chini ya reli. Nusu ya mlima ilikwenda vizuri. Tulipofika pale mnapopajua, manyunyu yakaanza. Bila shaka. Yangeanzia wapi kwingine?

Miguu ya wavutaji ikaanza kuteleza kwenye tope. Kamba ya ubavuni ikalia, ikakatika. Tangi likasita, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha likaanza kurudi.

Nikaubonyeza mti, nikauachia, nikaubonyeza. Halikujali. Nikapapasa kopo langu la mchanga: lilikuwa limeingia maji, mchanga umeshikana kama uji uliolala. Na hapo, vijana wangu, masomo yote ya Mzee Likwata yakanitoka. Nikaulalia mti mwili mzima kwa woga. Gurudumu likaganda. Nikausikia ule mlio ninaoujua, chuma kinateleza juu ya chuma, na nikaona kile kidato changu cha nne kinashuka mlima kwa mara ya pili, safari hii na maji ya watu.

Kutoka kwenye lile jiko la kando akatoka mtu anakimbia, kanga imefungwa kiunoni, karai mikononi kwa matambara, moshi unafuka. Bi Somoe alikuwa anakaanga tangu alfajiri. Akapita chini ya tangi, huko nyuma ya mzigo ambako hakai mtu, akamwaga mchanga kwenye chuma cha kulia, akaruka, akamwaga kwenye chuma cha kushoto. Uliobaki ukamwagika kwenye mguu wangu, nami nilikuwa na ndala.

Mnajua mchanga uliotoka motoni? Nilipiga ukelele ambao hata waliokuwa wanang'oa reli huko juu waliacha nyundo. Wavutaji wakadhani nimetoa amri. Wote kwa pamoja wakavuta. Gurudumu likauma mchanga, tangi likasimama, likafikiri, likaanza kupanda. Halikusimama tena mpaka juu. Watu walinisifu kwa sauti ile. Nilipokea sifa, nikawa nachechemea kwa sababu nilizozijua mwenyewe.

Kule juu Mzee Likwata alilipapasa tangi lote, mzunguko mzima, kama anayenunua ng'ombe. Kisha akaniambia polepole, "Leo umeshika breki. Na Somoe amekushika wewe."

Waliokuja kung'oa reli walitukuta tunapanga mawe ya kulikalisha. Walingoja tumalize, wakatusaidia hata kulinyanyua, kisha wakaichukua njia yetu. Masika ile tangi lilijaa mpaka likamwaga, na waliokuwa wamefunga virago wakavifungua kimyakimya, wakijifanya walikuwa wanavianika tu. Mama zenu wengi wameogeshwa kwa maji ya tangi lile. Chidi, babu yako alikuwa kwenye ile kamba iliyokatika. Aliangukia makalio, na mpaka anafariki alisema ni mgongo wa ukulima.

Sasa mnalo bomba. Alhamdulillahi, na mimi nalitumia. Wiki mbili hizi limekuwa likikohoa tu asubuhi, lakini labda ni mafua. Sisemi msiuze. Tangi limekaa bure, mijusi wamelifanya gesti, na jezi ni kitu kizuri. Hata mimi ningependa kuwaona mkifungwa mkiwa mmevaa sare. Ila mjue mnachokipigia kura. Ni maji ya watu waliokataa kuhama, na njia iliyolileta haipo, imebaki tope na kona.

Haya yote nimemsomea Bi Somoe kupitia ua unaotutenganisha, naye anabangua korosho. Pale kwenye ukelele alicheka mpaka akaangusha jiwe. Nilipomaliza nikamwuliza, "Shemeji, niwaambieje hawa vijana?"

Hakuinua hata uso.

"Waambie waliuze, tangi lao. Ila wakifika nalo Kwa Grisi wasinigongee mlango. Mchanga sikaangi tena."